Jirani wa Zabibu

Nanganga,
10 Juni 2024

Wifi yangu Zabibu,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mdogo wangu Mujibu na mama yetu na mguu wake. Sisi huku tupo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya Mujibu haina siri. Mpaka aweke sauti ya nje ndipo asikie, na nusu ya kijiji chenu cha Mnyambe inasikia pamoja naye. Haya ninayotaka kukuambia sitaki mama ayasikie. Barua ataileta Gasper, kijana wa bodaboda anayepandisha samaki wakavu Newala. Ni mwaminifu, ila ana mdomo.

Nimechaguliwa, wifi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja bandani kwangu, akala wali, kisha akaniambia kuna mafunzo ya watu wa kandokando ya barabara, ya kumsaidia aliyeumia kabla hajafika hospitali. Wanataka watu ambao kila siku wako palepale: wauza chakula, bodaboda, mafundi pancha. Nikamwambia mimi hata kuku akichinjwa nageuza uso. Akacheka, akaandika jina langu.

Mwalimu wetu anaitwa Bibiana, muuguzi mstaafu kutoka upande wa Ndanda. Anasema wengine hawauawi na gari, wanauawa na sisi tunaowakimbilia, tukawavuta mikono na miguu kama magunia na kuwarusha kwenye pikapu. Jana alimlaza Gasper juu ya meza ya darasa, akammwagia juisi nyekundu ya choya gotini, akaniambia nibane kwa kitambaa. Ilikuwa choya tu, wifi, harufu yake naijua, lakini niliona kiza nikakaa chini. Darasa zima likacheka isipokuwa Bibiana.

Tangu jana chakula hakipiti. Naogopa damu. Naogopa kuitwa shahidi. Zaidi naogopa kwamba siku moja breki italia pale kwenye kona karibu na banda langu, na watu wote watageuka kunitazama mimi. Mama asijue. Atasema najitafutia mikosi.

Wifi yako,
Hajira


Mnyambe,
25 Juni 2024

Wifi Hajira, shikamoo.

Barua nimeipata. Nimeisomea nyuma ya jiko, mama akidhani nachambua mboga. Huku ni unga wa salfa tu. Mujibu anatoka asubuhi na mapema kupulizia mikorosho, anarudi akiwa wa njano mpaka kope. Mama mguu umepoa kidogo.

Umesema mwalimu wenu ni muuguzi. Basi nina jirani yangu hapa. Ana mimba ya miezi minne, na mbili za kabla ya hii ziliharibika. Hajamwambia mtu ila mumewe, maana mkwewe husema mimba ikitajwa mapema inapata macho ya watu. Kila akienda msalani anaogopa kutazama. Watu wa umri wake wote wanaitwa mama fulani, yeye bado anaitwa kwa jina lake.

Anataka kujua dalili gani ni za kukimbilia hospitali na zipi ni za kuvumilia. Huku wanawake tunaambiwa tuvumilie zote. Tafadhali muulize mwalimu, lakini usitaje Mnyambe.

Mafunzo usiyaache, wifi. Mimi nikianguka barabarani ningependa anayenishika awe anaogopa kidogo.

Ni mimi,
Zabibu


Nanganga,
14 Julai 2024

Wifi Zabibu,

Marahaba. Nimemuuliza Bibiana mbele ya darasa zima, na jibu lake nakuandikia kama alivyolisema. Mwambie jirani yako: kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, aende. Uso na mikono ikivimba, aende. Mtoto akitulia asicheze, aende. Na damu. Damu yoyote, na hasa isiyokuwa na maumivu, kwa sababu hiyo ndiyo watu wanailalia wakisema si kitu. Alale ubavu wa kushoto, afunikwe, asile, apelekwe. Na mtu yeyote asiingize mkono kumpima nyumbani, hata awe mkunga mwenye sifa gani. Kondo la nyuma likiwa limekaa mlangoni, mkono ukiligusa damu haizuiliki tena. Bibiana aliposema hivyo alisimama kidogo akatazama dirishani. Nadhani kuna mtu alimkumbuka.

Mafunzo tumemaliza. Nimepewa kizibao cha kung'aa, na kimeninginia bandani pembeni ya sufuria. Juzi mzee mmoja alianguka na baiskeli, akachanika paji la uso. Nilibana, nikahesabu pumzi zake, nikamwongelesha mpaka akachukuliwa. Sikugeuza uso. Nilijiona mtu, wifi, sikufichi.

Lakini kila lori likishusha gia karibu na kona, kijiko kinaniponyoka. Wateja wamezoea, wananicheka.

Msalimie jirani.

Hajira


Nanganga,
2 Septemba 2024

Wifi,

Salamu tu. Banda nimelifunga kwa muda, kiuno kinanisumbua. Habari nyingine hakuna. Mwambie mama nipo.

Jirani yako anaendeleaje? Mimba yake itakuwa imeingia mwezi wa saba sasa. Afuate aliyosema Bibiana. Mimi asiniulize kitu tena, amuulize muuguzi wa zahanati.

Hajira


Mnyambe,
15 Septemba 2024

Wifi Hajira, shikamoo.

Gasper ameniletea barua yako, na mdomo wake ameuleta pia. Amesema bandani kwako watu hawali. Amesema kuna kijana alikufa mikononi mwako, na ndugu zake wanasema wewe ndiye uliyemmaliza. Alilisema hilo uani, mama akiwa amekaa palepale. Wewe umeniandikia kiuno.

Kwa nini hukuniambia? Nimeisoma barua yako ya Julai mara nyingi mpaka imechanika kwenye kunjo, na sasa sijui niishike au niiache.

Jirani ameona damu. Ilimtoka jana asubuhi akifagia, haikuuma, ikakoma. Mkwewe anasema ni mtoto anageuka, na mkunga ataitwa ampime. Mumewe amekwenda kupulizia mashamba ya mbali upande wa Kitangari na simu yake imezimika. Jirani anaogopa hospitali kwa sababu mbili za kwanza zilitokea huko huko wodini. Anaogopa kukaa na anaogopa kwenda. Amelala tu. Akiinuka nahisi kama inataka kushuka tena.

Sijui kama ninakuuliza au ninakuambia.

Zabibu


Nanganga,
18 Septemba 2024, Jumatano

Zabibu,

Umeandika "akiinuka nahisi." Jirani ni wewe. Mjinga mimi, miezi yote hiyo nilikuwa nakujibu kama ninayemjibu mtu wa mbali.

Gasper amewasha pikipiki ananisubiri nimalize kuandika. Soma hili kwanza: leo hii uende hospitali Newala. Usimngoje Mujibu, na simu yake nimeipiga mpaka nimechoka. Panda gari, si pikipiki. Lala ubavu wa kushoto. Mkono wa mtu yeyote usiingie. Mama akikasirika mwache akasirike, atanikasirikia mimi.

Sasa la kijana. Aliitwa Faridi, utingo wa Fuso lililobeba saruji. Lilipinduka pale kwenye kona mchana mmoja wa Agosti, watu wakila kwangu. Wote waligeuka kunitazama kama nilivyokuambia. Mguu wake ulikuwa umesagika chini ya goti na damu inaruka. Nilifunga kitenge juu ya jeraha, nikakisokota kwa kijiti mpaka ikakoma. Ilikoma kweli. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha akaanza kulalamika tumbo, nikaligusa, lilikuwa gumu kama ubao. Nikajua. Bibiana alitufundisha kwamba damu ya ndani haina kitambaa. Kilichobaki ni gari, na gari la wagonjwa lilikuwa bado mbali. Alikata roho tukimpakia kwenye pikapu.

Wakati wa kumwosha mjomba wake aliona alama ya kitenge pajani, akasema mwanamke huyu alizuia damu isirudi moyoni. Neno hilo likatembea kuliko barua zetu. Waliokula kwangu tangu mwanangu Shamila akiwa mdogo wanapita ng'ambo ya barabara. Mtu amerusha jiwe kwenye bati. Jumamosi ndugu zake wanakuja kwa kikao, na mwenyekiti ameniomba nisitoke kijijini, maana nikitoka watasema nimekimbia.

Kwa hiyo sijui kama nitakuja. Nakuambia kweli. Nikifikiria kukugusa naliona tumbo la Faridi. Nilikuandikia kiuno kwa sababu nilitaka abaki mtu mmoja ambaye bado ananiamini, na huyo ndiye niliyemdanganya.

Nenda, Zabibu. Hata kama huniamini, nenda.

Hajira


Wodini, Newala,
2 Oktoba 2024

Wifi Hajira, shikamoo.

Muuguzi amenipa karatasi na kalamu, akasema niandike nikiwa nimelala, nisijikunje. Wewe ulikuwepo, lakini kuna mambo hukuyaona, na mengine niliyaficha. Nataka uyajue.

Gasper alifika Jumatano hiyohiyo. Mama aliuliza barua inasemaje, nikamwambia salamu. Sikwenda, wifi. Nilikaa na barua yako chini ya mto nikiwaza kwamba mkono ulioandika haya ndio mkono aliofia yule kijana. Nikasema nitangoja kidogo. Damu ilikuwa imekauka, nikajidanganya.

Alhamisi kabla ya adhuhuri ilikuja kama ndoo iliyopigwa teke. Haikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisimama tu naitazama sakafu. Mama aliniona, akapiga kelele moja, akamwita Bi Dominika mkunga. Nilipolazwa nilisema taratibu, "Wifi amesema mkono usiingie." Mama akasema wifi yako ana yake. Bi Dominika alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na ananawa.

Ndipo ulipoingia. Sikukutegemea, kumbe Gasper alirudi kukuambia kwamba sijaenda. Ulikuwa umejaa vumbi jekundu, na nyuma yako Gasper amekaa mlangoni ameshika kichwa. Ulisema, "Mkono usiingie." Mama alikujibu neno ambalo sikudhani mzazi anaweza kumwambia mwanawe: "Umeshaua mmoja."

Nilikutazama usoni, wifi. Nilidhani utageuka urudi. Ulitikisika kama mtu aliyesukumwa. Kisha ulipiga magoti, si mbele yangu, mbele ya mama, ukamwambia, "Ninaogopa, mama. Ninaogopa kuliko wewe. Lakini mkono usiingie."

Hukuona alichofanya Bi Dominika, maana ulikuwa umeinamisha kichwa. Alisimama maji yakimchuruzika vidoleni. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akaitazama ile damu. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Leteni gari."

Gari lilikuwa la muuza maji wa hapa kijijini. Alifungua bomba la simtanki lililokuwa nyuma ya gari, akayamwaga maji yote njiani ili aweze kulishusha, huku watu wamebeba ndoo tupu wanatazama na hakuna aliyemlaumu. Uliniwekea mto ubavuni, ukakaa nyuma pamoja nami, kichwa changu mapajani kwako. Ulinifunika kanga na kizibao chako juu yake. Mikono yako ilikuwa baridi kuliko yangu. Kila gari lilipotingishika uliniuliza jina langu, nikakujibu, na mara moja nilikujibu kwa hasira, ukasema vizuri, kasirika. Baada ya pale sikumbuki mpaka nilipoamka nikiwa nimepasuliwa.

Daktari aliniambia kondo lilikuwa limekaa mlangoni palepale. Akauliza nani alikataza nisipimwe nyumbani. Nikamwambia wifi yangu. Akasema mshukuru.

Hili nalo hukuliona. Ulipopanda gari uliacha viatu vyako mlangoni kwetu. Mama alivichukua, akaja navyo Newala kwenye pikipiki ya Gasper amevishika mkononi njia nzima. Alikaa kwenye benchi la nje navyo mapajani wakati wewe unanitolea damu na mimi niko chumba cha upasuaji. Mujibu alipofika akataka kuvipokea, alikataa. Hajakuomba radhi, na unamjua, hatakuomba. Lakini jana aliniuliza mwalimu wenu anakaa wapi, na kama anafundisha wakunga.

Mtoto ni wa kike. Ni mdogo, wifi, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja. Namlaza kifuani ngozi kwa ngozi kama walivyonielekeza. Akitulia sana namwekea kidole chini ya pua. Wauguzi wananiambia nilale, watamtazama wao. Silali. Mara mbili nilirudi nyumbani mikono mitupu, na naogopa hata kumpa jina.

Najua ulikaa nami mpaka Jumapili, na kikao kilikuwa Jumamosi. Gasper anasema huko watu walisema umekimbia. Wewe ulinificha, ukanishika mkono ukaniambia kikao kimeahirishwa. Usinifiche tena. Niambie walikufanya nini uliporudi.

Zabibu


Nanganga,
13 Oktoba 2024

Wifi yangu Zabibu,

Marahaba. Gasper amenifikia jana na habari kwamba mtoto sasa ananyonya mwenyewe na mtaruhusiwa kwenda nyumbani juma lijalo madaktari wakiridhika. Nilimfanya aniapie. Nikimwona anakata kona bila kupunga mkono, moyo unasimama mpaka afike. Mfunikeni kichwa, asikae kwenye upepo, na wakati wa kupuliza dawa kwenye mikorosho msimpitishe karibu.

Umesema nisikufiche. Basi.

Niliporudi nilikuta mlango wa banda umeng'olewa. Hawakuchukua kitu, waliung'oa tu wakaulaza barabarani magari yapite juu yake. Shamila alikuwa amejifungia kwa jirani. Sikulia. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia waite kikao kingine, sikukimbia, nilikuwa na wifi yangu na nimerudi. Usinione jasiri. Nilipotoka pale nilipita njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Kikao kilifanyika Alhamisi, chini ya paa la ofisi ya kijiji. Bibiana alikuja akakaa karibu yangu. Alieleza kwamba hospitali iliyouchunguza mwili ilisema bandama ya Faridi ilipasuka, na damu iliyomuua ilikuwa tumboni, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Alieleza kwamba bila kile kitenge asingefika hata pale alipofika. Mjomba hakukubali. Alisema wasomi wanateteana. Mimi nilitamani kucheka, mimi msomi, muuza wali wa darasa la saba. Kisha akanigeukia akaniuliza mbele ya wote kama ningemfunga hivyo mwanangu. Nikasema ndiyo, nikarudia ili wote wasikie.

Mwishoni mama yake Faridi, ambaye hakuwa amesema neno, aliinuka akasema anataka kuzungumza nami peke yetu. Ni mwanamke mfupi, amefunga kaniki ya msiba. Mwenyekiti alisita. Mimi niliogopa, Zabibu, nilitazama mikono yake kama ameshika kitu. Tulitembea mpaka bandani, palipokuwa na mlango hapana mlango. Alisimama kwa muda anaitazama kona.

Kisha akaniuliza, "Alisema nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Polisi waliuliza, mwenyekiti aliuliza, mjomba aliuliza, wote waliuliza nilifanya nini. Nikamweleza. Nikamwambia aliniuliza kama mguu wake upo, nikamwambia upo. Aliomba maji, sikumpa, nikamlowesha midomo kwa ncha ya kanga kwa sababu tulifundishwa asinywe. Alitaja jina lake nilipomuuliza, na jina la dereva, na akataka kujua kama dereva amepona. Mwishoni aliita mama. Nikamwambia mama yake kwamba mwanzo nilidhani ananiita mimi, kwa kuwa wote wanaokula kwangu wananiita hivyo, nikaitika. Nikamwambia, "Nisamehe. Niliitika mahali pako."

Lori moja likapita, safari hii sikuwa na kijiko cha kuniponyoka. Akauliza, "Alikusikia ukiitika?" Nikasema alisikia, maana alitulia.

Akaufunika uso kwa kaniki, mabega yakamtikisika, na mimi nikasimama nisijue kama nimshike. Nilimshika.

Alipomaliza alijifuta, akakaa kwenye benchi la mbele, lile linalotazama barabara. Watu wa kikao walikuwa wametoka ofisini, wamejikusanya ng'ambo wanatutazama, mjomba akiwa katikati yao. Akaniambia, "Nipakulie."

Nikamwambia sijapika tangu Agosti, nina wali wa jana tu nilioleta wa mimi na Shamila. Akasema huo huo. Nikapakua, mchuzi ukamwagika mezani. Alikula taratibu, kila tonge wakiliona. Hakumaliza sahani. Lakini aliendelea kukaa pale, ameweka kiwiko mezani kwangu kama mtu wa nyumbani, mpaka mmoja wao akavuka barabara, akaja akakaa pembeni yake, akaniuliza kama kumebaki.

Wifi yako,
Hajira